Chokaa Katika Tope la Mababu

Mafabi alipoingia dukani kwangu mara ya kwanza, mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni, nikadhani ametoka machinjioni. Alikuwa na kopo kuukuu la maziwa, limejaa unga mwekundu. Aliomba saruji kidogo na maji, akakoroga na ule unga wake kwa kijiti, akanipakia kizingiti bila hata kuomba ruhusa, kisha akanikataza kukikanyaga mpaka kesho yake.

"Wewe bwana," nikamwambia, "nani amekutuma kunipaka damu mulangoni?"

"Hii hapana damu, mama. Hii ni chuma. Kutu ya chuma. Jua itachoka, mvua itachoka, hii hapana toka."

Na kweli haikutoka. Nikaanza kununua unga wake, nikauza, watu wakaupenda. Leo ukitembea mtaa wa Namakwekwe, vyumba vingi vya kupanga unavyoviona na sakafu nyekundu, wekundu ule ni wa Mafabi. Watu wanaupiga deki, wanaung'arisha, wanawaonyesha wageni. Aliyeutengeneza hawataki hata kumtaja jina. Nikilifikiria jambo hili hasira inanipanda, kwa hiyo anayetaka kusimuliwa kwa upole amtafute mtu mwingine.

Mimi ni Zahara, ila huku wananiita Mama Ramula. Nauza rangi, saruji, chokaa na misumari hapa Mbale. Kwetu ni Jinja, na sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudani, kwa hiyo Kiswahili kwetu si cha kujifunza. Watu wengi wa hapa wakikisikia wanakumbuka bunduki na viboko vya askari, wananyamaza. Mafabi hakunyamaza. Yeye ni Mgisu halisi, lakini ujana wake wote aliutumia Jinja, katika nyumba za wafanyakazi za Walukuba, ambako Mgisu, Msoga na Mjaluo walichota maji bomba moja na ilibidi wapate lugha moja ya kugombania foleni. Mwanawe Shakul alizaliwa huko huko. Baba na mwana walizungumza Kiswahili hata wakiwa wawili tu, na ndugu zao wa Mbale walikuwa wakiwacheka.

Kazi yenyewe Mafabi aliikuta Jinja. Palikuwa na kampuni moja ya kusafisha mawe ya shaba, ambayo sasa haina hata kibao getini. Ilichukua shaba yake ikaondoka, ikaacha vilima vya vumbi jeusi visivyoota hata majani. Mvua ikinyesha, vilima vile vilitoa jasho la kijani, kisha la njano, likachuruzika mitaroni. Akaja tajiri mmoja akagundua kwamba ndani ya uchafu ule mna chuma tele, akaajiri vijana wa kukitoa. Mafabi alikuwa mmoja wao. Walilowesha vumbi ndani ya matangi, wakakinga maji machungu yanayodondoka, wakatia humo misumari mibovu na mabati yaliyooza mpaka yachemke yenyewe. Halafu waliyapika katika mapipa yaliyokatwa nusu, wakayaacha yapoe. Asubuhi unakuta chini ya pipa chumvi ya kijani, mawe mawe, inang'aa kama sukari guru iliyopoteza rangi. Nyingine waliwauzia watengeneza ngozi kwa kutia weusi. Nyingine waliikaanga juu ya bati mpaka ikawa nyeupe, ikawa njano, ikawa nyekundu, na moshi wake ukawakausha vifua. Mafabi alikohoa tangu nimjue.

Kulikuwa na jambo moja lililomla kuliko moshi. Mwaka wa rika lake kutahiriwa, alikuwa kwenye matangi. Wagisu hutahiri miaka inayogawanyika kwa mbili, na tohara yao, imbalu, si mchezo. Kijana husimama uani mbele ya umma, macho wazi, na hakuna cha sindano wala dawa. Akipepesa tu, jina lake limekwisha. Sisi Waislamu mtoto hukatwa hata hajalijua jina lake, analia, anapewa ziwa, basi. Kwao ni kusimama. Msimamizi wa kiwanda akasema atakayeondoka asirudi, na Mafabi alikuwa amehangaika sana kuipata kazi ile. Akaenda zahanati, akachomwa ganzi, akakatwa amelala chali, na baada ya siku chache akarudi kuchochea mapipa.

Ukoo wake haukumsamehe. Alipokuja Mbale msibani, wanaume wenzake walikaa kuzunguka chungu cha malwa, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakinyonya pombe na kupanga mambo ya ukoo. Mafabi hakupewa mrija. Alimiminiwa pombe yake kikombeni, akanywea pembeni na wavulana, mtu mzima mwenye mvi. Aliponisimulia hayo alicheka, na mimi nilicheka kwa adabu, lakini niliona jinsi anavyougeuzageuza mfuniko wa kopo mkononi.

Tajiri wa Jinja alipofilisika, aliwaambia wafanyakazi wachukue vumbi wanalotaka badala ya kiinua mgongo. Fikiria hilo. Mtu amevuta moshi wako nusu ya maisha, unamwambia ajichotee taka. Mafabi alizichota. Akapakia magunia kwenye lori, akaja nayo Mbale na mkewe Nambozo na Shakul, akafikia kiwanja alichoachiwa na baba yake, huko bondeni nyuma ya Namakwekwe. Maji yalikuwepo. Akachimba mashimo, akaanza kupika chumvi na kukaanga unga. Wengine walisema amerudi kwa sababu kazi imekwisha. Mimi aliniambia ukweli. Alirudi kwa ajili ya Shakul.

"Mutoto atasimama hapa kwa baba zangu," alisema. "Yeye akisimama, Mama Ramula, hata mimi nitakuwa nimesimama."

Ni hilo tu alilolitaka duniani. Si gari wala ghorofa.

Tatizo lilikuwa kiwanja chenyewe. Chini yake, mahali maji yanapotokea ardhini, pana tope. Vijana wote wa ukoo ule, tangu enzi za mababu, hupakwa tope hilo siku ya kukatwa. Mzee huchota kwa mkono, humpaka kijana kichwani, usoni na kifuani, na anampa maneno. Pasipo tope hilo hakuna imbalu, ni kukatana nyama tu. Mpakaji wa ukoo wao alikuwa Wanyera, kaka yake Mafabi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye sijapata kumwona akiomba radhi kwa lolote. Mafabi alichimba mashimo yake juu kidogo ya tope. Maji machungu hayakuwa na pa kwenda ila chini.

Wanyera alilalamika kwamba vyura wamehama na majimbi yamekauka. Lakini alilalamikia sebuleni kwake, juu ya sakafu nyekundu aliyosakafiwa bure na mdogo wake. Hakumwambia aache. Alimwambia tu aangalie.

Mwaka wa imbalu ya Shakul ulipoingia, Mafabi alifunga kazi mapema. Alizima mioto, akafukia mashimo, akategemea mvua za masika zisafishe. Shakul alianza kuzunguka kwa ndugu akicheza, kengele zimefungwa mapajani, shanga zimepishana kifuani. Kijana mzuri, mrefu kama baba yake mkubwa, Kigisu chake kina lafudhi ya Walukuba na wasichana wakamcheka nacho, naye anacheka. Alipita dukani kwangu na kundi lake, akacheza mpaka vumbi likatua juu ya rangi zangu, nami nikampa kitambaa cha kujifunga kichwani.

Wiki ya mwisho, mchana, Mafabi alikuja amenyong'onyea.

"Nimeonja ile matope," akasema. "Bado iko kali. Kali sana, kama ndimu ya kuoza."

"Unaonja matope sasa?"

"Kazini tulikuwa tunaonja kila kitu. Ulimi hapana danganya." Akaegemea kaunta. "Itamuuma kwa macho. Mutoto akitoa chozi pale mbele ya watu, nani atajua ni asidi?"

Nikamwambia amwambie Wanyera, wachote tope pengine. Akasema amekwisha mwambia. Alikuwa amependekeza bonde la wajomba zake Shakul, upande wa Nambozo, lenye tope safi, jeusi, laini. Wanyera akajibu kwamba akimpaka kijana tope la wajomba, atakuwa amewatahiria wajomba mtoto wao. Tope ni lile la ukoo, liwe chungu liwe tamu.

"Basi nipe chokaa," akasema Mafabi. "Chokaa inaua ukali. Lakini si hii ya kupaka ukuta. Nipe ile ya mawe."

Kwa asiyejua, chokaa ya mawe ni ile ambayo haijazimwa. Ukiitia maji inachemka na kutoa moshi. Mimi huwauzia watu kwa ajili ya vyoo.

"Hiyo ya mawe ni ya choo, bwana," nikasema. "Hiyo inachoma. Chukua hii ya unga, tia nyingi."

"Ya unga ni dhaifu. Mimi nimezima asidi miaka yote, mama. Wewe unajua kuuza, mimi najua kuzima."

Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake, na nausema nikiwa nampenda. Alijua kuzima maji ndani ya pipa, unakoroga kwa mti, unaonja, unaongeza. Tope la kiangazi si maji. Na lile tope lilikuwa halikorogwi waziwazi, kwa sababu ni mwiko mtu kulitia kitu chochote, hata maji, hata mate. Ilimbidi ainame kama anafunga viatu na kusukuma chokaa chini kwa mkono, huku akitazama nyuma. Aliyaponda nyumbani mawe ya chokaa niliyomuuzia, akayatia mfukoni, jioni ya kuamkia siku yenyewe akashuka bondeni jua likiwa bado lipo. Kesho yake asubuhi alinipitia akafurahi kuniambia kazi imekwisha.

Nilikwenda kuangalia. Mbale nzima huenda, Muislamu kwa Mkristo, hakuna anayebaki ndani siku hiyo. Bondeni watahiriwa walikuwa watatu wa ukoo ule, na kwa desturi mtoto wa kiwanja ndiye hutangulia. Shakul akapiga magoti. Wanyera akachota tope la juu kabisa, kiganja tele, akampaka utosini, pajini, akamshushia usoni kote. Mimi nilikuwa mbali, lakini niliona katika lile tope jeusi vijipunje vyeupe kama ugali usioiva. Wanyera alikuwa navyo mkononi. Aliviona. Alisita kidogo, akaendelea. Watoto wengine wawili aliwachotea chini zaidi, palipolainika, nikalitambua hilo wakati ule ule ingawa sikujua maana yake.

Kutoka bondeni wanapanda mbio hadi uani, wakiimba. Jua kali, jasho linatiririka, na jasho likaingia katika chokaa. Sijui yule mtoto alifikaje. Wenzake waliimba, naye aliimba, lakini jicho la kushoto lilikuwa limevimba na machozi yanafuata mfereji katika tope. Watu wakaanza kunong'onezana. Mwanamke mmoja pembeni yangu akasema, "Analia hata kisu hajakiona." Nilitaka kumzaba kofi.

Shakul alisimama mahali pake. Aliweka fimbo nyuma ya shingo, akaishika kwa mikono miwili, akakaza macho mbele. Yote mawili, wazi, na moja lilikuwa jekundu tupu. Nambozo alikuwa ndani, amekumbatia nguzo ya nyumba kama inavyompasa mama, anasubiri filimbi ya kumwambia kwamba mwanawe ni mwanamume. Mafabi alisimama mbele ya wanaume wote. Siku hiyo tu walimwachia nafasi.

Kisu kilipita mara ya kwanza, kijana hakutikisika. Kikapita tena. Hapo mkono wake wa kushoto uliachia fimbo, ukaenda jichoni.

Haukwenda chini kwenye kisu. Kila mwenye akili aliona ulikokwenda. Lakini mkono ulikuwa umeachia fimbo, na kwao hesabu ndiyo hiyo. Mkataji alimaliza kazi yake, akainama akasafisha kisu, na filimbi hakuipuliza. Mtu wa nyuma akazomea, na wote wakafuata. Shakul bado alikuwa amesimama, damu inamtiririka, anasugua jicho na kujaribu kuirudisha fimbo begani. Nambozo akatoka ndani mwenyewe, bila kuitwa, jambo ambalo mama hafanyi, akamshika mtoto.

Hospitali walisema ni chokaa. Walimwosha jicho kwa maji mengi, lakini saa zilikuwa zimepita, na jicho lilikuwa limekwisha kuwa jeupe kama la samaki aliyepikwa. Halioni. Waswahili husema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Maneno mazuri hayo, kwa mtu mwenye macho mawili.

Sasa sikiliza kosa la pili la Mafabi, maana la kwanza lilikuwa la mikono, na hili lilikuwa la kuamini watu. Alimwendea Wanyera akamwambia kila kitu. Alidhani ukweli utamsafisha mwanawe. Mtoto amekimbia mlima mzima na moto jichoni, amesimama na moto jichoni, ameustahimili mkato wa kwanza na moto jichoni. Nani kati ya wanaume wa ukoo ule aliwahi kusimama hivyo? Mafabi alitegemea kwamba Wanyera atalia.

Wanyera hakulia. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Kwa hiyo ulitia dawa katika tope."

Kufikia jioni mji mzima ulikuwa na habari kwamba Mafabi, aliyekatwa kwa ganzi, alimwekea mwanawe ganzi ndani ya tope la mababu, na mababu wakamtoboa mtoto jicho. Watu waliokuwa wakinunua unga kwangu walikuja kuniuliza kama sakafu zao ni salama. Niliwafukuza kwa ufagio.

Wiki chache baadaye, Shakul alipoweza kutembea vizuri, ukoo uliitisha kikao. Siku moja kabla yake Mafabi alikuja dukani, hakuketi. Wanyera alikuwa amemwekea njia mbili. Kama alitia kitu katika tope, basi imbalu ya watoto wote watatu imeharibika. Hakuna kati yao aliyekuwa mwanamume, na baba zao hawatakubali aibu hiyo hata kidogo. Mafabi atahama kiwanja na familia yake, na Shakul hatatajwa tena katika ukoo, wala hatapewa ardhi, wala hatazikwa nao. Lakini kama hakutia kitu, basi ni rahisi. Mtoto aliogopa. Atachinjiwa mbuzi wa kumtakasa, atapakwa tena, mambo yataisha, na siku moja atapewa mrija kama wengine.

"Yeye mwenyewe aliona ile chokaa," nikasema. "Wanyera aliona. Mimi nilikuwa pale."

"Anajua. Wote wanajua."

"Sasa wewe utasema nini?"

Nikamwambia nitakuja kikaoni, nitasema nilimuuzia chokaa, na daktari ana maneno yale yale. Nikamwambia ahame, arudi Jinja, ardhi iko popote, Mungu hakuumba bonde moja. Nilipiga kelele mpaka mteja aliyekuja kununua misumari akarudi nje.

"Mama Ramula," akasema Mafabi, "mimi nimekaa nje ya watu yangu miaka yote. Najua baridi yake. Shakul hapana jua. Siwezi kumupa hiyo baridi, na jicho moja."

"Na ukimwita mwoga mbele ya watu, hiyo ni joto?"

Alikohoa kwa muda mrefu, akaniomba maji, akayanywa, akaondoka.

Kikao kilikuwa uani kwa Wanyera, chini ya turubai la bluu. Wanaume walikuwa mbele kwenye viti vya plastiki, wanawake nyuma kwenye mikeka, na mimi mgeni nyuma zaidi. Walizungumza Kigisu, nami nakisikia vya kutosha, nimekaa nacho muda mrefu. Mbuzi alikuwa amekwisha fungwa kwenye mti wa kahawa. Walikuwa wamemleta kabla hata jibu halijatolewa, na hilo pekee linakueleza kikao kilikuwa cha namna gani.

Wanyera aliuliza kwa ile sauti yake ya chini. "Mafabi, ulitia kitu katika tope letu?"

Baba za wale vijana wengine wawili walikuwa wameinamia mbele. Sijapata kuona watu wazima wanaouombea uongo namna ile.

"Sikutia kitu," akasema Mafabi.

"Basi mkono wa mwanao uliondoka kwa nini?"

Nambozo, pale mkekani, alijifunika uso kwa kitenge. Mafabi alitazama sakafu, nyekundu, inayochungulia kutoka mlango wa sebule. Kisha akamtazama Shakul, aliyekuwa amesimama peke yake katikati na bandeji jichoni.

"Mwanangu aliogopa," akasema.

Niliinuka. Wallahi niliinuka, na nilikuwa nimekwisha sema "Huyu mtu alinunua kwangu," kabla Wanyera hajainua mkono. Hakuhitaji kuninyamazisha. Shakul aligeuka, ilimbidi azungushe kichwa kizima ili anione kwa jicho lililobaki.

"Kaa chini, Mama Ramula," akaniambia kwa Kiswahili. "Papa amesema."

Halafu akawageukia wanaume, akawajibu kwa Kigisu chake cha Walukuba, na safari hii hakuna aliyecheka lafudhi. "Ni kweli. Niliogopa kisu."

Watu wakashusha pumzi, wakalegea vitini. Baba mmoja akapiga makofi. Mbuzi akachinjwa, Wanyera akampaka kijana kinyesi cha tumboni mwa mbuzi kifuani kama inavyofanywa, akamwita mtoto wa ukoo, akawataja na mababu. Kila mtu alikuwa mpole. Walimpiga begani, walimwambia wengi wameogopa kabla yake na sasa wameoa na wana ng'ombe. Nyama ikaiva, wakala wakanyonya pombe, na Mafabi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapewa mrija. Aliushika. Sikumwona akiunyonya, lakini aliushika mpaka mwisho, maana kuukataa kungekuwa tusi. Mimi nyama yao sikuila. Nilisema haikuchinjwa kihalali, na sijapata kufurahia sheria ya dini yangu kama siku ile.

Tuliondoka pamoja, mimi na wao watatu, tukishuka njia ya bondeni. Nambozo alitangulia, hakutaka mtu wa kumsemesha. Pana mtaro pale ulio upande wa kushoto, na Shakul hakuuona, mguu wake ukateleza. Mafabi aliudaka mkono wake kwa haraka, akawa hauachi, wakasimama hivyo njiani na mimi nyuma yao.

"Mutoto yangu," akasema Mafabi, "mimi najua wewe hapana ogopa."

Shakul aliutoa mkono wake polepole, bila hasira, kama mtu anayejitoa kwenye mwiba.

"Hata mimi nilikuwa najua, papa," akasema. "Wale kule uani ndio ulikuwa unatakiwa kuambia."